Somo: Kuchagua hema la mtu mmoja, jepesi, la kustahimili mlimani

Wadau, mvua za vuli zinabisha hodi na wengi mnaniuliza hema la kwenda nalo Mlima Kenya. Mkiwa Nairobi mnawazia mvua. Kule juu, hema huangushwa na upepo.

Kwanza, fito. Chukua za alumini. Za faibaglasi hupasuka: yangu ilipasuka saa nane usiku pale kambi ya Old Moses, mita 3,300 juu Mlima Kenya, ncha ikatoboa kitambaa. Nilikaa nimeishikilia hadi alfajiri, nyuzi zake zikinichoma kiganjani kama miiba ya dungusi. Alumini kwa kawaida hupinda tu. Uvike kibomba kifupi pale ilipopinda, utafika asubuhi. Angalia pia fito zinavyopishana. Zikipishana mara mbili au zaidi, hema husimama imara.

Pili, kitambaa cha nje kishuke karibu na ardhi, maana mvua ya mlimani hupiga ubavuni. Yale ya wavu yenye kikofia juu ni ya Magadi, kwenye joto na ukame. Nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo toka ukaze kamba kabla ya kulala.

Tatu, kinga ya maji. Hupimwa kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hukistahimili kabla hayajapenya. Mimi natafuta milimita 1,500 juu na 3,000 sakafuni, kwa sababu goti na kiwiko hukandamiza maji yapenye.

Uzito? Kilo moja na nusu hadi mbili. Chini ya hapo, muulize muuzaji kilichopunguzwa.

Ukishanunua, panda Ngong siku ya upepo, kule kwenye mitambo ya umeme, ulisimamishe peke yako ukiwa umevaa glavu.

Maswali ya wanachama

*Nimeona la mtumba Gikomba, bei nafuu. Nichukue?*
Lifungue hapohapo, dada. Hesabu fito, vuta zipu zote, kisha sugua upande wa ndani wa kitambaa. Ukinata au ukibanduka magamba, liache.

*Naamka nimelowa na hakukunyesha. Linavuja?*
Ni pumzi yako. Mvuke unagonga kitambaa baridi unageuka maji. Acha tundu la hewa wazi hata baridi ikiuma, na ununue la tabaka mbili.

*Kukinyesha naweza kupikia ndani?*
Hapana, kaka, hata chai. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye jiko, haina harufu, na kitambaa hicho huyeyuka kwa sekunde. Beba chapati na njugu za usiku huo.