Kabla hujamwachia mtoto avuke mpaka na mzazi mwenzio

Hii nawaandikia hasa watu wa huku Kanda ya Ziwa, maana kwetu kuzaa na mtu wa ng'ambo ya mpaka ni jambo la kawaida kabisa, huyu kaolewa na Mkenya wa Kisumu, yule kazaa na Mganda waliyekutana kwenye biashara ya samaki, mwingine baba watoto yuko Uingereza anatuma hela mwisho wa mwezi, na mapenzi yakiwa moto hakuna anayewaza makaratasi. Yakishapoa ndo mtu anapiga simu usiku kuuliza mpakani Sirari wanafunga saa ngapi, na muda huo mtoto keshavuka zamani. Wengi wanarudisha watoto vizuri tu, sijasema baba au mama wa mtu ni mwizi. Ila jiandae kama vile hamtaelewana, afu mkielewana mshukuru Mungu.

Ya wazi nayataja harakaharaka. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, orijino kaa nacho wewe, yeye mpe kopi. Kadi ya kliniki, ripoti za shule, risiti za ada, piga picha zote uzitume kwenye imeili yako, simu inaibiwa. Picha ya mtoto iwe ya karibuni, sio ile ya ubatizo. Za mzazi mwenzio chukua namba ya kitambulisho, anapokaa, anapofanyia kazi, na ndugu yake mmoja ambaye akipigiwa anapokea. Ukiona kila ndugu yake umefichwa hilo nalo ni jibu.

Pasipoti ya mtoto kaa nayo wewe kama ipo, ila usijidanganye kwamba ukiifungia kabatini umemaliza. Kwanza mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni raia wa nchi nyingine mara nyingi anaweza kupata pasipoti ya huko pia, wewe unalinda ya Tanzania wakati mzazi mwenzio keshatengeneza nyingine ubalozini kwao. Kama una wasiwasi andikia ubalozi huo barua mapema uulize wanataka ridhaa ya wazazi wangapi, Marekani kwa mfano kwa mtoto wa chini ya miaka 16 kwa kawaida wanataka wazazi wote wawili. Pili hapa kwetu mtu anavuka kwa hati ya dharura, na asiyetaka hata hiyo anapita njia za panya, na ziwani ndo usiseme, boti zinatoka mialoni usiku na hakuna anayeuliza huyu mtoto ni wa nani.

Sasa hili la mikataba, maana hapa ndo watu wanapotegemea kitu ambacho hakipo. Mtoto akishachukuliwa lazima atokee mjuaji aseme "kuna mkataba wa kimataifa, nenda Hague". Mkataba upo kweli, ulifanyika The Hague, Uholanzi, tarehe 25 Oktoba 1980, unahusu watoto wanaochukuliwa au kushikiliwa nje ya nchi kinyume cha sheria. Ni wa madai sio wa jinai, haumpeleki mtu jela, na haupangi nani mzazi bora. Kazi yake ni moja, mtoto wa chini ya miaka 16 arudishwe haraka kwenye nchi aliyokuwa akiishi siku zote, afu mahakama za huko ndo ziamue akae na nani. Kila nchi mwanachama inateua mamlaka ya kupokea maombi, na mahakama inatakiwa ifanye haraka, ikipita wiki 6 haijaamua inaweza kuulizwa sababu. Ukichelewa zaidi ya mwaka 1 kufungua na mtoto keshazoea mazingira mapya, wanaweza kukataa kumrudisha. Wanaweza kukataa pia kama ulikubali aende, au kumrudisha kunamweka kwenye hatari kubwa, au mtoto mwenyewe amepevuka kiasi na hataki.

Mkataba mzuri, tatizo unafanya kazi pale nchi zote mbili zikiwa zimejiunga. Tanzania hatumo. Kenya hawamo, Uganda hawamo. Zambia waliingia 2014, Afrika Kusini wamo, Uingereza wamo tangu 1986, Marekani tangu 1988, lakini wao kuwemo hakukusaidii wewe wa Igoma hapa Mwanza. Tuliyoridhia sisi ni Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991 na ule wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto mwaka 2003, yote inazitaka serikali zizuie watoto kutoroshwa na wakili wako ataitaja mahakamani, ila humo hakuna utaratibu wa kumrudisha mtoto ndani ya wiki kadhaa. Na usichanganye na Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja tangu 2010 imerahisisha watu kuvuka, haikusema amri ya mahakama ya Mwanza kuhusu mtoto ikifika Kenya inatekelezwa hapohapo. Ukifika nayo kule unaanza kesi kule, hakimu ataiangalia kama kitu kimojawapo, afu atapima maslahi ya mtoto kwa sheria ya kwao, na sheria yao ya watoto ya 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele kama yetu tu.

Kwa hiyo kinga yako kubwa iko huku, kabla ya safari. Na hapa nije kwenye barua ya ruhusa, ambayo kila mtu anaichukulia kama kitu cha kumridhisha afisa wa mpakani tu.

Kuna dada mmoja jirani yetu Kirumba, mtoto wake wa kiume alikuwa darasa la kwanza, baba yake Mkenya, waliachana bila kelele, jamaa anakuja anatoa hela ya matumizi, mtu mstaarabu. Desemba moja akaomba aende na mtoto Kisumu akamwone bibi yake mgonjwa, likizo ikiisha amrudishe. Dada akaona sawa, damu ni damu. Akaambiwa mpakani watataka barua, basi akaandika kwa mkono mistari mitatu, mimi fulani nimemruhusu mwanangu fulani kwenda Kisumu Kenya na baba yake mzazi, asante, akaenda kwa mtendaji ikapigwa muhuri. Haikuwa na tarehe ya kurudi. Haikusema anaenda kwa bibi wala kwamba ni likizo. Wakapanda basi Nyamhongolo asubuhi na ile barua ikafanya kazi yake vizuri sana, Sirari wakaisoma wakawapitisha.

Januari shule zinafunguliwa mtoto hajarudi. Jamaa anasema bibi hali mbaya, vumilia. Afu akasema nimemwandikisha shule huku asikae bure. Huyu dada hataki ugomvi, kila mtu anamwambia usimkasirishe atakukatia simu, basi akajibu wasapu, "sawa baba, amalize muhula tutaona." Sentensi moja. Sote tukaona kafanya busara, shangazi yake ndo alimsifia kabisa kwamba mwanamke anatakiwa hivyo.

Muhula ukaisha, ukaanza mwingine. Alipokuja kupata hela ya nauli na ya wakili wa kule ilikuwa mwaka unaelekea ukingoni. Mahakamani wakili wa jamaa hakumtukana wala hakusema yeye ni mama mbaya, alitoa vitu viwili tu, kopi ya ile barua yenye muhuri na skrinshoti ya ile meseji. Mama aliruhusu mtoto aondoke, hakuweka muda, baadaye akakubali asome huku, leo kabadilisha mawazo. Afisa wa watoto akaenda kumwona mtoto, akakuta kijana ana marafiki, ana mwalimu anayemsifia, anaongea Kijaluo na bibi yake ambaye kumbe anatembea vizuri tu. Ripoti ikaandikwa hivyo na ilikuwa ripoti ya kweli, hapo ndo uchungu wenyewe. Hakimu akaona kumng'oa tena sio maslahi yake, abaki na baba, mama ampate likizo.

Sasa hivi mtoto akija Mwanza likizo anakuja na karatasi imechapwa na wakili wa baba yake, ina tarehe ya kuingia, tarehe ya kurudi, mpaka atakaopitia na mtu atakayempokea. Jamaa alijua siku zote barua inatakiwa iweje.

Kwa hiyo barua yako iwe hivi. Majina kamili ya mtoto na wazazi wote, namba za vitambulisho, sababu ya safari, anapofikia, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, anarudi na nani. Afu iseme wazi kwamba makazi ya mtoto ni Mwanza, anasoma shule fulani, ruhusa hii ni ya matembezi sio ya kuhamia, na tarehe ikibadilika lazima kuwe na maandishi mapya yenye sahihi za wote. Msaini wote wawili mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, yeye akikataa kusaini tarehe ya kurudi basi safari imeishia hapo, asikuletee stori za kutoaminiana. Na meseji zako zichunge kama hela. Ikipita tarehe usiandike sawa, usiandike tutaona, andika kwamba hujakubali na unataka mtoto arudi tarehe fulani, unaweza kuandika kwa adabu zote, shikamoo mwanzoni na Mungu akubariki mwishoni, lakini neno "sijakubali" liwepo. Hata mahakama zisizo za mkataba wa Hague zinaangalia ulisema nini na ulikaa muda gani kimya.

Kama wasiwasi wako ni mkubwa usiishie kwenye barua, nenda mahakamani kabla ya safari. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuamua mtoto akae na nani na wa kuzuia asitolewe nje ya Tanzania, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba malezi hata kama hamkufunga ndoa. Amri ukiipata peleka kopi Uhamiaji, peleka shuleni, peleka kituo cha polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Ikikaa kwenye begi lako hakuna atakayeota kwamba ipo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mwone mapema, yeye ndo huwa anaandika taarifa ya mtoto, na kama huna hela ya wakili uliza wasaidizi wa kisheria, shirika la haki za wanawake la Kivulini wapo hapahapa Mwanza.

Wazee wa ukoo watakuja na habari za mahari, ilitolewa haikutolewa, mtoto ni wa kwa kina nani. Wasikilize, wape chai. Mahakama nayo inaweza kuangalia mila, sheria ya ndoa inasema hivyo, ila maslahi ya mtoto yanatangulia, na kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, dhana ambayo mwenzio anaweza kuipinga kwa ushahidi. Muhtasari wa kikao cha ukoo hauzuii basi kwenda Kenya.

Upande wa pili pia niseme, maana kwenye kesi za huo mkataba wa 1980 zaidi ya theluthi mbili ya wanaochukua watoto ni akina mama. Wewe dada uko Uingereza, umechoka na mwanaume, unataka kubeba mtoto urudi kwenu Nyamagana. Mtoto wa chini ya miaka 16 kumtoa kule bila ridhaa ya mwenzio mwenye haki za mzazi, au ruhusa ya mahakama, ni kosa la jinai kwa sheria yao ya 1984, na Tanzania kutokuwa kwenye mkataba hakukufutii hilo, siku utakayotua tena Heathrow unaweza kukutana nalo. Kama unapigwa, ripoti hukohuko, polisi na daktari waandike, uombe mahakama ikuruhusu kuhama na mtoto. Inachosha najua. Na hapa nyumbani ni hivyohivyo, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ya siku ile ina uzito kuliko maelezo ya mwaka kesho.

Mengine madogomadogo. Akishachukuliwa usitume vijana wakamrudishe kwa nguvu, unageuka mshtakiwa wewe. Usimtukane mwenzio kwenye magrupu, hizo skrinshoti zitasomwa mbele ya hakimu kwa sauti. Shule iambiwe kwa maandishi nani anaruhusiwa kumchukua, sio mlinzi wa getini anamwona mtu kashuka kwenye gari zuri anamkabidhi mtoto. Namba 116 ni ya bure ya huduma kwa mtoto, isevu sasa hivi. Na mtoto afundishwe namba yako ya simu kichwani, tena ile ya laini ya kudumu, sio ya laini unayobadilisha kila kampuni ikitoa ofa ya bando.