Somo: Maji ya urukususu kwa ngozi nyeti

Wengi wetu urukususu tumeujulia kwenye kikohozi: kijiti cha kutafuna, kitamu kuliko sukari. Leo tuupeleke usoni, maana kinachoupa utamu, glisirizini, ndicho pia kinachopoza ngozi. Mwili una homoni yake ya kutuliza uvimbe, kotisoli, na una kimeng'enya cha kuizima. Asidi inayotokana na glisirizini hukizuia kimeng'enya hicho, kotisoli ikadumu zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la jeli ya mzizi huu kwa wenye pumu ya ngozi: ya asilimia 2 ilipunguza wekundu, uvimbe na muwasho kuliko ya asilimia 1. Maji ya nyumbani hayana kipimo cha namna hiyo, kwa hiyo yatumieni kama kipozeo tu, si dawa ya kuponya.

Na ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kila mara. Angalia joto, kukaza baada ya kuoga, na doa jeusi linalobaki kila ulipojikuna.

Hatua ya 1. Nunua vijiti vizima, si unga. Unga hujui umechanganywa na nini. Kata kimoja: nje kahawia, ndani njano, nyuzinyuzi kama muwa mkavu. Kikinuka uvundo, kirudishe.

Hatua ya 2. Osha, ponda, pima vijiko viwili vya chakula kwa vikombe viwili vya maji. Chemsha kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Juu patatanda povu kama la sabuni. Liache, ni glisirizini hiyohiyo. Maji yakifanana na chai ya rangi, epua, funika, yapoe kabisa.

Hatua ya 3. Chuja mara mbili kwa kitambaa safi, kwani nyuzi zikibaki zitakukwaruza. Tia kwenye chupa iliyochemshwa, weka kwenye friji, na baada ya siku mbili mwaga. Hapa nawaomba msinibishie. Maji haya hayana kihifadhi, na vijidudu hustawi humo. Yangu siku ya nne niliyakuta yanavuta utelezi kama mlenda, na harufu bado nzuri! Ningetegemea pua ningejipaka uchafu kwenye ngozi iliyochubuka.

Hatua ya 4. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ukiwashwa, basi, urukususu haukufai.

Hatua ya 5. Chovya kitambaa laini, kamua, bandika shavuni dakika 10. Usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito yasiyo na manukato.

Maswali ya wanachama

*Dada, nasikia unang'arisha. Nitakuwa mweupe?*
Hapana, mpenzi. Mzizi una glabridini, inayopunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi, lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na hata kwenye krimu kazi yake ni kufifisha madoa polepole. Anayekuuzia "urukususu" wa kukung'arisha kwa wiki moja anakuuzia mkorogo, na humo mara nyingi mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Kama uso ulianza kuwaka ulipoacha krimu ya namna hiyo, usianze na maji haya. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lake mkononi, alione.

*Nina presha. Yanayobaki naweza kunywa?*
Usinywe. Urukususu ukinywewa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mjamzito naye asinywe.

*Mwanangu ana miezi mitano, mashavu yamepasuka.*
Pole, mama. Huyo usimpake. Maji ya vuguvugu, mafuta yasiyo na harufu, na umpeleke kliniki.

*Sina muda wa kuchemsha. Krimu ya dukani nitaijuaje?*
Soma nyuma ya kopo. Tafuta Glycyrrhiza Glabra Root Extract au Dipotassium Glycyrrhizate. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, ingawa vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote. Ukiona neno Parfum, rudisha rafuni: manukato ni miongoni mwa vitu vinavyochokoza ngozi nyeti mara nyingi. Nayo pia ijaribu mkononi siku mbili kabla ya kuipeleka usoni.