Wembe wa kukunja, sabuni za zamani na maji ya Tanga

Watu wakinijia kutaka kujifunza wembe wa kukunja, swali lao la kwanza huwa wembe gani wanunue. Mimi huwauliza wanaoga maji gani. Huku kwetu ardhi ina mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yakiwa na chokaa, sabuni huganda utando mweupe badala ya kutoa povu. Hapa kibandani kwangu Ngamiani, ninaposhonea nguo, natumia ya bomba, yale ya bwawa la Mabayani mto Zigi. Masika nakinga ya mvua, na hayo hayana mpinzani.

Sabuni ninazosema ni zile kavu, za duara au za kijiti, walizotumia wazee kabla ya povu la kopo. Nyingi zilipikwa kwa mafuta ya mnyama. Ukisoma "tallowate" kwenye karatasi ujue ni hayo, ila haisemi mnyama yupi. Anayetaka kutulia roho atafute za mawese au nazi. Brashi nazo ndivyo hivyo: nyingi za bei rahisi ni manyoya ya nguruwe, na mimi hiyo siishiki. Natumia ya nyuzi za plastiki, inakauka upesi.

Kipande kilichokaa miaka mingi hupoteza harufu, lakini povu bado limo. Kwangua ule ugumu wa juu kwa kisu, mimina maji ya vuguvugu, subiri dakika 10. Kikiwa na madoa ya rangi ya chungwa na kinanuka mafuta yaliyochacha, tupa.

Wakati sabuni inalowana, osha uso kwa maji ya moto. Zako tia maji, hata kama hakuna mwenzio anayenyolewa. Kung'uta brashi, izungushe juu ya sabuni nusu dakika, kisha malizia povu usoni penyewe, ukiongeza maji tone kwa tone. Hapa usiwe na haraka. Povu likiwa na mapovu makubwa, maji yamezidi. Likikauka shavuni, yamepungua. Unalotaka ni zito na linang'aa kama mtindi.

Wembe wenyewe: tafuta wa Solingen, Ujerumani, hata mkuukuu. Tangu 1938 sheria ya huko inalilinda jina hilo, ingawa wa kughushi wapo, basi tazama chuma kabla ya maandishi. Makali yaliyokufa yanataka jiwe la kunolea, la chembe nene namba 1000 kwanza na laini namba 8000 la kumalizia. Kazi hiyo mpe anayeijua. Ya kila siku ni kuupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi. Mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate, kama mara 30 kwenda na kurudi. Unapogeuza, geuzia kwenye mgongo. Ukigeuzia kwenye makali umekata ukanda na kuharibu wembe kwa mkupuo mmoja.

Anza na mashavu tu. Kidevu na juu ya mdomo viachie mashine mpaka mkono uzoee. Vuta ngozi kidogo, laza wembe pembe ya nyuzi 30 hivi na ngozi, shuka kwa vipande vifupi bila kukandamiza. Usiuteleze kwa urefu wake, ndivyo watu wanavyojichanja. Na sisi wenye ndevu za kujisokota tufuate uelekeo wa nywele, mara moja, basi. Vijana wanapenda kupandisha kinyume wapate ulaini wa mtoto. Unywele hukatikia chini ya ngozi, ukiota hujikunja humo humo, na wiki ijayo shingo imejaa vipele.

Suuza kwa maji baridi, pitisha shabu iliyolowana, suuza tena.

Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Kausha wembe mpaka kwenye bawaba, upake tone la mafuta ya cherehani, usiulaze bafuni. Kabla ya kunyoa tena futa mafuta yote kwa kitambaa, ndipo uurudishe kwenye ukanda.