Pawa stesheni ya kambini: namna ya kuichagua usije ukaozesha nyama

Mimi ni dereva wa watalii hapa Uganda. Wateja wangu wengi ni familia za Nairobi na Arusha zinazovuka Busia au Mutukula na mahema juu ya gari. Kabla ya safari huniuliza wanunue pawa stesheni (boksi la betri la kubeba, lenye matundu ya kuchomeka vifaa) ya ukubwa gani, nami huwauliza kwanza: friji mnabeba?

Hatua ya 1: Tafuta Wh, usidanganywe na W

Ya kwanza niliinunua katika duka moja Kampala. Mbele ilikuwa na 600W kwa herufi za bango. Nyuma, kando ya nambari ya kiwanda, iliandikwa 288Wh kwa herufi za kusoma na tochi, na mimi sikuzisoma. Wati (W) ni nguvu inayoweza kutoka kwa mkupuo mmoja. Wati-saa (Wh) ndiyo akiba iliyomo, kama mafuta kwenye tenki. Hata hizo 600W zilikuwa za sekunde chache tu, za kudumu zilikuwa 300.

Usiku wa kwanza katika hifadhi ya Murchison Falls, friji ilinyamaza saa nane. Asubuhi kilo nne za mbuzi zilikuwa zinanuka, na mama mwenye nyama hakunisemesha mpaka tukafika Karuma.

Ukikuta boksi limeandikwa Ah (ampea-saa) tu, zidisha kwa volti za betri yenyewe: 20Ah kwa volti 12.8 ni 256Wh.

Hatua ya 2: Andika matumizi ya siku moja

Chukua kalamu. Hii ni hesabu ya familia ya watu wanne niliyoipeleka hifadhi ya Ziwa Mburo:

Friji ya gari ya wati 45, ambayo injini yake hufanya kazi karibu nusu ya siku: 45 × 12 = 540Wh. Simu nne, kila moja kama 20Wh: 80. Taa ya wati 6 kwa muda wa saa tano: 30. Betri za kamera: 30. Jumla 680Wh kwa siku, 1,360 kwa siku mbili.

Umeona friji inavyokula? Ukiiacha nyumbani, boksi la 300Wh linakutosha kabisa na hela nyingine unaweka mafuta. Hifadhi ya Kidepo, kwa lile joto, usihesabu nusu ya siku. Hesabu theluthi mbili.

Birika la umeme lisahau. Linavuta wati 1,500 hadi 2,000. Chai ya kambini ni ya gesi au kuni.

Kisha kata asilimia 15 kwenye namba ya boksi, kwa sababu umeme mwingine hupotea njiani. Boksi la 1,000Wh lihesabu kuwa 850.

Hatua ya 3: Litajazwa na nini huko porini?

Soketi ya gari hutoa kama wati 100. Ukizunguka kutazama wanyama kwa muda wa saa tatu, umerudisha 300Wh; mizunguko miwili, 600. Toa kwenye zile 1,360 za siku mbili, inabaki 760, na boksi la 1,000Wh linaimudu. Ndiyo hiyo niliyowashauri. Ila chomoa waya ukizima injini, la sivyo katika magari mengine betri ya gari ndiyo itakayonyonywa, na mtalisukuma.

Paneli ya sola iliyoandikwa 100W mimi huihesabia 70 jua likiwa la utosi. Kidepo inafaa sana. Msitu wa Bwindi, kwenye ukungu na miti mirefu, utaibeba bure.

Hatua ya 4: Aina ya betri na plagi

Chagua iliyoandikwa LiFePO4 (betri ya lithiamu yenye chuma na fosfati). Ni nzito zaidi, lakini huvumilia kujazwa mara elfu mbili na zaidi, wakati lithiamu za kawaida nyingi huanza kuchoka baada ya mia tano hadi elfu moja.

Hakikisha inatoa volti 230 au 240 na ina tundu la plagi ya pini tatu bapa. Za Marekani hutoa 110. Na usimwagize shemeji aliye Dubai akuletee kwenye begi: betri inayozidi 160Wh hairuhusiwi kwa abiria wa ndege.

Hatua ya 5: Ijaribu nyumbani usiku mzima

Ijaze, chomeka friji kwenye tundu la volti 12, nenda kalale. Hapa kuna mitego miwili ambayo duka halitakwambia.

Wa kwanza: boksi nyingi hujizima zenyewe zikiona hakuna kinachovuta umeme. Friji ikishapoa hupumzika, boksi hudhani kazi imekwisha, linazima. Tafuta kwenye mipangilio namna ya kuiondoa tabia hiyo.

Wa pili: kitufe cha AC, yaani cha tundu la plagi ya kawaida. Kikibaki kimewashwa, inveta (sehemu inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) inaweza kula wati 15 hata kama hujachomeka kitu. Usiku wa saa kumi ni 150Wh, zaidi ya simu zenu zote. Kizime.

Hatua ya 6: Mahali pa kuiweka

Mchana isibaki ndani ya gari lililofungwa juani; ikipata joto sana hukataa kuchaji. Usiifunike feni kwa blanketi, na mvua isiiguse.

Malizia waya zote kabla ya kuzima taa. Ziwa Mburo viboko hupanda kula nyasi katikati ya mahema, na hakuna simu inayostahili kukutoa nje saa hiyo.