MGB kisiwani: chumvi kwanza, nguvu baadaye

MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na mtu wa Unguja akiipata ile ya wazi yenye viti viwili huwa amepata gari linalomfaa kwa mengi: usukani wake wa kulia unakubaliana na barabara zetu, injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 hufunguliwa na kufungwa bila kompyuta, na vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa hadi leo. Tatizo ni kwamba gari hili halina chasisi ya peke yake. Bodi ndilo linalobeba injini, magurudumu na watu. Kwa hiyo kutu ikiingia, haichukui uzuri tu, bali huchukua uti wa mgongo wa gari. Nimeona wenye magari wakianza na kabureta mpya na bomba la moshi lenye mngurumo, ilhali chini ya milango bati linaliwa kimya kimya, na ndiyo maana naweka mbele kazi ya chumvi kabla ya kazi ya nguvu.

Anza na vizingiti, yaani yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ndani yake mna tabaka zaidi ya moja, na la nje linaweza kung'aa kwa rangi mpya huku la kati limekwisha. Fungua mlango na uufunge, utazame nafasi iliyopo kati ya ukingo wake wa nyuma na bodi. Kisha inua gari kwa jeki upande huo na utazame tena. Nafasi ikibana, au mlango ukikataa kufunguka, kizingiti hakina nguvu tena, hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bati lote la chini, kwani penye puti nene, yaani rojo la kujazia bati lililoharibika, sumaku haishiki. Halafu kagua nyuma ya magurudumu ya mbele, mahali tope linapojikusanya kwenye kiungo cha bawa (madigadi) na kizingiti, na usisahau visanduku vya betri nyuma ya viti, sakafu chini ya mazulia, na pale springi za nyuma zinaposhikana na bodi.

Bati likiwa limeoza, hakuna dawa isipokuwa kulikata na kuchomelea jipya. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu gari langu lilipita mikononi mwa fundi aliyejaza puti juu ya kutu, akapiga rangi nzuri, na masika moja tu yakatosha kuifanya rangi ile ivimbe na kudondoka vipande vipande. Fundi wa kuchomelea unayemchagua lazima akubali jambo moja kabla hajawasha mashine: gari la wazi halina paa la kulishikilia, kwa hiyo uwazi wa mlango ufungwe nondo ya kuukaza, na bodi lisimame juu ya tegemeo madhubuti, ndipo kizingiti kikatwe. Akikata bila kufanya hivyo, gari litalegea katikati, na milango haitakaa sawa tena.

Baada ya kuchomelea, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi kwa mpira mrefu wenye ncha nyembamba, mpaka ianze kutoka kwenye vitundu vya chini. Vitundu hivyo viliwekwa makusudi ili maji yatoke, kwa hiyo visizibwe kwa rangi wala kwa nta iliyoganda. Vizibue kwa waya. Kazi hii irudiwe kila mwaka kabla ya masika, kama wenye majahazi wanavyopandisha vyombo vyao pwani na kuvipaka sifa juu na deheni chini, kila msimu, bila kungoja ubao uanze kulia.

Kuosha nako kunahitaji uangalifu. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji yenye chumvi, na mtu akiosha gari kwa maji hayo anajidanganya kuwa amelisafisha. Tumia maji matamu, na yakiwa ya mvua ni bora zaidi. Elekeza mpira chini ya mabawa na kwenye springi kabla ya kushughulika na yanayoonekana. Ukirudi kutoka Paje au Nungwi wakati wa kusi, usiliache lilale hivyo hadi kesho. Magurudumu ya spoki yasafishwe moja moja kwa brashi laini, maana chumvi hujificha pale spoki zinapoingia kwenye kitovu.

Maji ya kisimani yana madhara mengine ndani ya rejeta. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, maji yanayopita humo hubeba chokaa, na chokaa hiyo hugandamana katika mirija ya rejeta na kuzunguka silinda, mpaka sindano ya joto inapanda kila unapokwama kwenye foleni ya Darajani. Toa maji yote, osha mfumo mara mbili tatu, kisha jaza maji yaliyosafishwa kama ya betri, yaliyochanganywa na dawa ya rejeta inayozuia kutu. Themostati, yaani kilango kinachoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, ya kawaida ya gari hili hufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, lakini ipo ya nyuzi 74 iliyokusudiwa nchi za joto, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwetu. Kuiondoa kabisa, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, si sawa, kwa sababu injini haifikii joto lake la kazi kwa wakati na oili huchafuka upesi.

Umeme wa gari hili unasemwa vibaya kuliko unavyostahili. Waya zake nyingi bado ni nzima. Kinachoharibika ni viungio. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme unarudi kwenye bodi kupitia waya mmoja mnene wa ethi, na waya huo ukishikwa na kutu, stata huzunguka kivivu na mtu hununua betri mpya bila sababu. Tenganisha kila kiungio, kisugue mpaka kiwe cheupe, kipake mafuta ya mgando, ndipo ukirudishe. Rangi za waya zitakuongoza: kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja, nyeupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa, kijani ni umeme huo huo baada ya kupita kwenye fyuzi, na nyeusi ni ethi. Magari ya kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1967 yana chanya kwenye bodi badala ya hasi, na anayefunga redio au kifaa kipya cha umeme bila kulijua hilo atakiunguza siku hiyo hiyo.

Jambo dogo kabla ya kugusa nati: vipimo vyake ni vya inchi. Spana ya milimita 13 huonekana kuikubali nati ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na tofauti hiyo hutosha kuimega pembe zake. Agiza seti ya spana za inchi kabla ya kipuri chochote.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu haikauki. Yabadilishe kila mwaka, uangalie na silinda ndogo za magurudumu ya nyuma, ambazo huvuja ndani ya drami bila kuonekana. Nguzo ambazo magurudumu ya mbele huzungukia yanapokata kona (king pin) zina chuchu tatu za grisi kila upande. Kitabu cha gari husema zipigwe grisi kila maili 3,000, yaani kama kilomita 4,800, lakini kwa anayepita barabara za kifusi ni bora afanye kila baada ya miezi mitatu, mpaka grisi ya zamani itoke na mpya ionekane.

Petroli yenye risasi haiuzwi tena katika nchi zetu tangu 2006, na injini hii ilitengenezwa kuitegemea, kwani risasi ilikinga viti vya valvu. Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Ziwe milimita 0.38. Nafasi ya valvu ya kutolea moshi ikiwa inapungua kila unapopima, kiti chake kinaliwa, na siku utakapofungua silinda hedi iwekewe viti vigumu. Hapo ndipo kabureta mbili za chapa ya SU zinapostahili kurekebishwa, si kabla. Injini ikiwa ya moto na inanguruma polepole, inua pistoni ya kabureta moja kwa kiasi cha milimita moja: mwendo ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi, injini ikitaka kuzimika, petroli ni chache, ikipanda kidogo kisha ikatulia, imekaa sawa. Nati ya chini ikizungushwa kwenda juu hupunguza petroli, na izungushwe bapa moja tu (upande mmoja wa nati) kwa wakati. Pistoni hizo zisisuguliwe kwa msasa, wala zisibadilishane nyumba.

Kuhusu maboresho, ninayoyaona yanafaa kisiwani ni machache. Rilei za taa kubwa, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, huipunguzia swichi ya taa mzigo na kuzipa taa mwanga unaostahili barabara ya Makunduchi usiku. Feni ya umeme yenye swichi ya joto husaidia kwenye foleni, na mfumo wa kielektroniki wa kuwasha cheche huondoa usumbufu wa pointi zinazoungua, ilimradi uchanya na uhasi umehakikishwa. Giaboksi ya gia tano siishauri: Unguja ina urefu wa kama kilomita 85, na huko Pemba vilima na kona zake hazitaki gia ya mwendo mrefu. Fedha hizo zinunue turubai jipya la paa na mipira ya milango.

Gari likilala, lifunikwe kwa kitambaa cha pamba kinachopumua, si nailoni inayofungia jasho ndani, na paa lisikunjwe likiwa na maji. Kila wiki litembezwe angalau nusu saa, mpaka oili ipate moto wa kutosha kufukuza unyevu. Kuliwasha dakika tano pale pale lilipo huongeza maji ndani ya injini badala ya kuyaondoa.