Jinsi ya Kuivalisha Nguo Video

Mimi ni fundi cherehani. Kamera na projekta nimezijulia ukubwani, kwa hiyo mwongozo huu wa kuunganisha vazi na video kuwa kazi moja ya maonyesho unaanzia kwenye kitambaa. Wengi wanaoingia kwenye mitindo ya dhana, yaani mavazi yanayobeba wazo, hushona gauni la ajabu kwanza, kisha wakatafuta video ya kulimulika ili lipendeze zaidi. Kinachotoka ni gauni lenye mapambo ya umeme. Kabla sijakata kitambaa najiuliza: projekta ikizimwa, wazo litabaki limesimama lote? Kama litabaki, video haina kazi hapo, iondoke. Kisha nageuza: video hiyo ikimulikwa ukutani bila vazi, itatosha? Ikitosha, basi natengeneza filamu, na cherehani ipumzike.

Andika kwa sentensi moja swali ambalo kazi yako inauliza. Mbunifu wa mavazi Hussein Chalayan alizaliwa Kupro, kisiwa kilichogawanyika mwaka 1974, na onyesho lake la mwaka 2000 jijini London lilihusu watu wanaolazimika kuzikimbia nyumba zao: wabebe nini? Mwanamitindo aliingia katikati ya meza ya mbao ya duara, akaipandisha mpaka kiunoni, ikawa sketi. Vitambaa vya kufunikia viti vikavaliwa kama magauni. Swali lilikuwa wazi, ndiyo maana nguo zilijua la kufanya. Kwa upande wa video, mfano ninaoupenda ni wa wabunifu wa Kiholanzi Viktor & Rolf mwaka 2002. Walishonea buluu ile ile ambayo watu wa televisheni huiondoa na kuweka picha nyingine mahali pake, mitambo ya video ikaiondoa, na kwenye skrini nguo zikajaa picha zinazotembea. Ukizima skrini pale, unabaki na nguo za buluu tu.

Tuchukue swali dogo tulifanyie kazi: je, shati linamkumbuka aliyelivaa? Shona shati jeupe lenye vifungo lakini lisilo na matundu ya vifungo, livalishe sanamu la dukani, kisha mulika juu yake vidole vinavyofunga vifungo hivyo kimoja kimoja, halafu vikavifungua. Kinachofanywa na mwanga hakiwezekani kwenye kitambaa. Hapo nguo na video zinahitajiana.

Kitambaa kiwe marekani au pamba nyingine isiyong'aa. Satini hurudisha mwanga kama kioo, kitambaa cheusi huumeza, na shifoni huupitisha, kwa hiyo picha yako itaangukia na ukuta wa nyuma (wakati mwingine hilo ndilo unalotaka). Tia bitana nyeupe ili mwanga usivuje. Mbele, pale picha itakapoangukia, usiweke marinda wala mifuko, na pasi ipite sawasawa, kwa sababu kila mkunjo utakivunja kidole.

Sasa siri ambayo watu wa video huikosa kwa kuwa hawashoni. Tengeneza mashati mawili kwa pateni moja, la pili la mahameli nyeusi lenye vifungo vyeusi, vimekaa mahali pale pale. Ukilipiga picha lile jeupe kisha ukaimulika picha hiyo juu ya shati jeupe, kila kivuli kitatokea mara mbili na kola itakuwa na kola yake. Ukirekodi juu ya jeusi, mahameli inameza mwanga, na kinachobaki ni vidole peke yake. Livalishe sanamu lile lile, weka pazia jeusi nyuma, na anayefunga vifungo asimame nyuma ya sanamu akivaa mikono ya mahameli nyeusi mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kamera ikae kwenye tripodi pale pale itakapokaa lenzi ya projekta, kwa urefu ule ule na pembe ile ile. Kama umeme wa taa zako ni wa hezi 50, weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50, vinginevyo picha itapepesa. Mwambie mwenye mikono afanye taratibu kuliko anavyoona inafaa. Vidole vya haraka, vikishamulikwa, huonekana kama wadudu.

Hesabu ya projekta ni rahisi. Nyingi huandikwa uwiano wa umbali kwa upana: ikiwa ni 1.5, ukiiweka mita 3 kutoka kwenye shati unapata picha ya upana wa mita 2. Shati halihitaji yote hiyo, kwa hiyo isogeze karibu ili mwanga usipotee bure. Lumeni 3,000, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga wake, zinatosha kwenye chumba chenye giza. Iweke juu ikimulika kwa kushuka, watazamaji wasijikute wamelitia shati kivuli. Kumbuka pia kwamba weusi wa projekta si weusi kamili. Utaona mraba wa kijivu ukutani nyuma ya sanamu, na mraba huo huua kila kitu. Paka ukuta rangi nyeusi isiyong'aa au uufunike kwa kitambaa cheusi.

Mguu wa sanamu ufungwe sakafuni kwa skrubu. Likisogea sentimita moja tu, vidole vinafunga hewa.

Video ijirudie bila mwanzo wala mwisho, kwa kuwa mtu ataingia chumbani wakati wowote. Mimi huanzia na kumalizia kwenye shati tupu, mkono haupo, kwa sekunde kadhaa, ili mahali video inapojiunga isionekane. Sauti siweki, ila ukiweka, iwe ya kitambaa chenyewe kikisuguana. Muziki utaifanya kazi yako iwe tangazo la shati.

Waya zipite pembeni zikiwa zimebandikwa kwa utepe, na kitambaa kikae mbali na tundu la projekta linalotoa joto. Chagua kichezeshi cha video kinachoanza chenyewe umeme ukiwashwa, maana atakayefungua chumba asubuhi ni mlinzi, si wewe. Mwachie na picha ya shati lilivyotakiwa kuonekana, pamoja na pasi.