Gogo moja, mikato mitatu: jinsi ya kusoma sura ya mbao

Kijana ninayemfundisha kazi hapa Tabora aliniuliza juzi kwa nini mbao mbili za mninga zilizotoka gogo moja hazifanani. Tukachukua kipande kinene kama paja kwenye mabaki ya karakana, tukakata. Nawe tafuta chako. Tumia msumeno wa mkono. Chenisoo inachanachana tu, huoni kitu.

1. Kata kwa kukingama, kama unavyokata muwa. Ni duara ndani ya duara, ndizo pete za mti, kiini katikati, na weupe chini ya gome.

2. Pasua kwa urefu ukipita kwenye kiini. Pete zinageuka mistari iliyonyooka.

3. Pasua pembeni, mbali na kiini. Hapo ndipo penye maua, vilima vimepandana. Wateja huyapenda haya.

4. Kabla ya kuunga, tazama kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa kwa kukingama. Hatua hii ilinila meza nzima. Nilikuwa na mbao za mtundu, zimepasuliwa pembeni na bado mbichi. Mtundu kwa jina, mtundu kwa tabia. Niliziunga mwezi wa tatu, mvua bado zipo, upande wa gome juu. Kufika mwezi wa saba kila ubao umebonyea katikati, chai ikimwagika inatuama. Ubao ukikauka husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete, karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kwa hiyo pete zilizopinda hutaka kunyooka, na uso uliotazama gome ndio unaobonyea. Kichwani utaziona kama upinde. Zikijificha, kwangua kwa kisu kikali upake mate. Siku hizi naweka upande wa kiini juu. Wapo wanaopishanisha, mmoja juu mmoja chini. Uso unatoka mawimbi, mimi siutaki. Na ubao mbichi hauponi hata uugeuze vipi, uache ukauke kwanza. Mninga angalau husinyaa kidogo, unakusamehe.

5. Piga randa. Mninga uliopasuliwa kama hatua ya 2 una michirizi, mmoja unang'aa, wa jirani umefifia, kwa sababu nyuzi zake zimelala huku na huku kwa zamu. Utokee upande wowote, randa itang'oa mahali. Noa sana, toa maranda membamba kama ganda la kitunguu, kisha malizia kwa kukwangua na kipande cha kioo kilichovunjika. Msasa baadaye.